Kukodi motoka Zambia ukitoka L'shi (Lubumbashi): mambo ya kujua mbele ya kutia sahihi

Kila mwaka mashule zikikaribia kufunga, watu wananiulizaka swali moja: yaya, mulifanyaje kwenda Livingstone, kule kwa maporomoko ya Victoria, na watoto na motoka ya kukodi, haikuwasumbua? Ilitusumbua ndiyo. Lakini haikutusumbua barabarani, ilitusumbua kwenye parkingi, ile nusu saa ya kuchukua motoka na ile nusu saa ya kuirudisha, njo pale makuta inapoteaka. Basi naandika namna ya kufanya, bei sitaweka ju bei inageuka kila siku na ya ofisi moja si ya ofisi ingine.

Kitu ya kwanza mtu wa L'shi anajiulizaka ni kwa nini nikodi na mimi niko na motoka yangu, mpaka wa Kasumbalesa uko pale, kilometa 90 na kitu. Kweli unaweza kuvuka na yako. Lakini ng'ambo motoka ya namba ya kigeni nayo ni mgeni, inatakiwa karatasi yake ya kuingia kwa muda, asiransi yenye inakubaliwa kule, taksi ya moshi, pesa ya barabara, na kila dirisha na mulolongo wake, na kama imeandikwa kwa jina ya shemeji yako utafute tena barua ya kuonyesha kama alikuruhusu. Ukiwa na siku tano za kupumzika, moja imekwisha kuishia kwenye madirisha. Halafu Lusaka mpaka Livingstone peke yake iko kama kilometa 480, na mbele ya kufika Lusaka umekwisha kukata Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe. Motoka yangu mimi naijua, ingelala Kabwe.

Sisi tulivuka mpaka kwa miguu, tukapanda basi mpaka Lusaka, tukakodi pale. Unaweza pia kukodi Ndola, iko karibu zaidi na kwetu, ao kupanda ndege mpaka Livingstone na kukodi kule kule. Paka uulize mapema: ukichukua motoka muji moja na kuiacha muji ingine wanaongezaka pesa ya kuirudisha, na ile pesa inaweza kushangaza. Na ofisi za uwanja wa ndege mara nyingi zinaweka kitu juu ya bei ya muji, wakati teksi ya kuingia muji ingekugharimu kidogo tu.

Sasa makaratasi. Pasporo, permi ya kuendesha, na karte ya benki. Inaonekana rahisi, lakini sie Wakongomani tuko na tatizo yetu ya majina matatu: nomu, postinomu, prenomu. Kwenye intaneti ile fomu ya Kiingereza inakuomba majina mawili tu, wewe unaandika prenomu na nomu, halafu pasporo inaonyesha matatu, permi iko na matatu lakini kwa mpango mwingine, na karte ya benki wameandika postinomu peke yake na herufi moja ya mbele. Mtu wa ofisi anaangalia vitu vitatu anaona watu watatu. Mimi nilikaa pale dakika arobaini nikimueleza huyu mama, mwenye alikuwa na adabu sana lakini hakutaka kusikia, ni nini postinomu. Kwa hiyo andika kwenye fomu vile vile inasoma kwenye pasporo, yote matatu, ata kama inaonekana ndefu, na angalia mbele ya kutoka nyumbani kama karte yako iko na jina moja angalau yenye inafanana. Na karte inatakiwa iwe ya yule mwenye ataendesha. Ya bibi yako haiwezi kulipia kosyo yako, ile pesa ya garanti, ata kama muko mumesimama wote wawili pale na pete kwenye vidole.

Permi yetu imeandikwa Kifaransa, na kule wanasoma Kiingereza. Njo maana ya permi ya kimataifa. Wengi wanafikiria ni permi ya juu zaidi, hapana, ni tafsiri tu ya ile yako, ukiacha ya kwenu nyumbani ile kitabu haina kazi. Ya mkataba wa Geneva wa 1949 inadumu mwaka moja, ya Vienna wa 1968 haipiti miaka mitatu. Inatolewa kwenye inchi yenye ilikupa permi, kwa hiyo itengeneze huku mbele ya safari. Na wale wanauza "permi ya kimataifa" kwenye intaneti kwa dakika kumi, kadi nzuri ya plastiki na ramani ya dunia nyuma, weka makuta yako mfukoni.

Umri nao uulize. Ofisi ingine inataka miaka 21, ingine 23, ingine 25, na permi yenye ina mwaka moja ao miwili tayari. Kijana anaweza kukubaliwa lakini analipa zaidi.

Tufike kwa kosyo, ju hapa njo watu wengi wanarudi wakilia. Kosyo ni pesa wanashika juu ya karte yako ili ukiharibu kitu wawe na fasi ya kukata. Ofisi nyingi zinataka karte ya kredi, ile ya kweli, na sie wengi benki zetu zimetupa karte ya debi ao ile ya kujaza mbele. Usifike kule na kusema Visa ni Visa. Waandikie mapema, ata kwa WhatsApp, maswali mawili: munakubali karte ya debi? na kosyo ni ngapi, kwa pesa gani? Jibu yao uiweke, ju yule mwenye atakupokea asubuhi pale si yule alikujibu usiku. Na ujue kwa karte ya debi pesa mara nyingi inatoka kabisa kwenye konti na kurudi yake inaweza kukawia siku nyingi. Kwa hiyo kosyo usiihesabu kwenye makuta ya kula. Watu wanafanyaka hii kosa: wako na dola elfu moja kwenye karte, kosyo inashika sehemu kubwa, siku ya pili bibi anaomba watoto wanunuliwe viatu karte inakataa mbele ya watu wote. Kama karte yako ni ya dola na wao wanakata kwa kwacha, utapoteza kidogo pesa ikienda na kidogo ikirudi, ile haina dawa. Ofisi ndogo zingine zinakubali kosyo ya mkononi. Sawa, lakini bila karatasi yenye sahihi na stampe usiachilie ata noti moja.

Kontra usome. Najua hakuna anayesoma, ni kurasa sita za herufi kama sisimizi na nyuma yako mzungu mmoja anasukuma valizi. Soma basi vitu vinne. Kilometa: ni bila mwisho ao 200 kwa siku? ju kwenda Livingstone na kurudi ni karibu elfu moja. Esansi: unaipokea imejaa unarudisha imejaa, ile njo nzuri, ingine zote wanakula pale. Dereva wa pili: kama shemeji ataendesha ata kutoka hoteli mpaka dukani, aandikwe, ju akigonga na hayuko kwenye kontra asiransi inakufa. Na ya mwisho, uulize kwa sauti: nikigonga, nalipa mpaka ngapi kwa mfuko yangu? Watakuambia motoka iko na asiransi kamili, usifurahi, kuna ile sehemu ya kwanza yenye inabaki juu ya kichwa yako kila mara, na ile sehemu njo inafanana sana na kosyo, haikutokea kwa bahati. Halafu mapine, vioo, chini ya motoka na dari mara nyingi haziingii. Kioo ya mbele! Malori ya shaba yanarusha mawe kule, jiwe dogo kama mbegu ya dengu, unasikia tak, umekwisha kulipa. Ukiweza kuongeza kidogo kwa siku wakufunikie vioo na mapine, mimi ningeongeza. Zile zingine zote wanakupendekeza pale kwenye kontuari, GPS na kadhalika, wachana, telefone yako inatosha, shusha ramani mbele ju katikati ya miji rezo inapotea. Kiti ya mtoto ndiyo uiombe siku ya kureserve, si siku ya kufika.

Basi kijana wa ofisi anakupeleka kwenye parkingi na funguo mkononi na kakaratasi kenye mchoro wa motoka, anakuambia tia sahihi hapa. Usitie. Toa telefone, anza video, sema tarehe na saa kwa mdomo, zunguka polepole. Anza na parishoki ya mbele, na uiname, ju mikwaruzo yote ya kulipisha watu inaishi chini, fasi jicho ya mtu amesimama haifiki. Jante zote ine kwenye ukingo. Kioo ya mbele uiangalie ukiwa ndani, jua ikiwa mbele yako, njo utaona vile vinyota vidogo. Dari. Fungua nyuma: pine ya akiba iko na upepo? kriki iko? ufunguo ya kufungulia mapine unaingia kwenye vile vyuma kweli? pembetatu mbili ziko? Sisi kriki haikuwako, na kijana akasema aah hamutaitaji, nikamuambia ndugu, andika basi kwenye karatasi kama haiko, akaenda kuitafuta mbio. Piga foto ya dashibodi inaonyesha esansi na kilometa. Angalia tarehe za karatasi za motoka, asiransi na taksi na kontroli teknike, ju polisi akikuta imekwisha atakusimamisha wewe, si ofisi. Kila mukwaruzo uandikwe, ata ule anakuambia "huu ni mdogo hatuuhesabu". Siku ya kurudisha yeye hatakuwako.

Na uulize inakunywa nini. Hapa kuna mtego wa Kifaransa: kule esansi inaitwa petrol. Kwetu petroli ni ya taa, ya mama mwenye anauza usiku kwenye chupa. Kwa hiyo mtu wa pompi akikuuliza petrol or diesel usishtuke, petrol ni esansi, diesel ni mazutu. Namjua mtu, sitasema nani, alijibu diesel ju alifikiria ile ingine ni ya taa. Motoka ilitembea kidogo tu. Bei kwenye pompi inapangwa na serikali kila mwezi, kwa hiyo hakuna haja ya kuzunguka muji mzima ukitafuta fasi rahisi.

Sasa kuendesha. Wao wanapita kushoto. Wengi wa L'shi wanasema aah mimi vola ya kuume naijua, motoka yangu ni ya Japani. Ndiyo, vola unaijua, lakini umeizoea ukiwa upande wa kuume wa barabara. Kule kiti ni ile ile, barabara njo imegeuka, na mwili wako unaamini uko nyumbani, kwa hiyo hauogopi vya kutosha. Yule anaendeshaka vola ya kushoto anaogopa tangu mwanzo, anapiga wipa kila mara anataka kukata kona, watoto wanacheka, lakini anaangalia.

Na kosa haitokei kwenye barabara kubwa, kule unafuata wengine. Inatokea asubuhi mapema, ukitoka peke yako kwenye pompi ao kwenye hoteli, barabara wazi, hakuna mtu wa kufuata. Mimi ilikuwa Mazabuka. Tumejaza, watoto wamelala, natoka, nakata kuume vizuri kabisa na kuingia upande wa kuume, na naendesha kwa amani mita mia mbili hivi, mpaka bibi yangu anasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu haamini macho yake, "baba, ile lori inakuja wapi?" Lori ilikuwa imejaa miwa. Nilirudi upande wangu, tukasimama, sikuweza kushika funguo kwa dakika kumi. Tangu pale tuliweka sheria: mwenye amekaa pembeni ya dereva, kila mara motoka inatoka kwenye parkingi, anasema "kushoto" kwa sauti, ata kama ni mara ishirini kwa siku, ata kama mumekosana. Namna ingine ya kukumbuka: dereva anakaa upande wa katikati ya barabara. Ukiona majani iko karibu na dirisha yako wewe mwenyewe, umepotea.

Rompwe nayo inazunguka kinyume ya yetu, unaingia kwa kushoto na unapisha wale wanatoka mkono yako ya kuume. Lusaka iko nazo, kwa hiyo siku ya kwanza usichukue motoka saa kumi na moja jioni. Chukua asubuhi ya siku ya Mungu kama unaweza, zunguka kidogo kwenye kartie ya kimya, halafu ingia barabara. Na watoto uwaambie: kukata barabara kwa miguu, kwanza waangalie kuume.

Njiani utakuta peaji. Kaskazini ya Lusaka kuna moja inaitwa Katuba, ndiyo, kama komini yetu ya Katuba huku L'shi, tulicheka sana, na kusini kuna Shimabala. Weka kwacha ndogo ndogo karibu. Barabara ya Lusaka na Ndola walianza kuijenga ya njia mbili 2023, ukikuta fasi za kazi tegemea mavumbi na kusimama. Barieri za polisi ni nyingi lakini kimya: punguza, shusha kioo, salimia. Hapa sie tuko na bahati ju upande wa Copperbelt KiBemba ni ile tunasikiaka huku kila siku, "mwapoleni mukwai" inafungua uso ya mtu kuliko pasporo. Ukifika Lusaka ni "muli bwanji". Kama ulipita mwendo wa kibao na wamekushika, usianze kubishana kama uko kwenye komini zetu za L'shi, Kenya ao Kamalondo, lipa, omba risiti. Risiti uiweke na kontra, ju amende yenye haijalipwa itafika kwa ofisi na ofisi itaikata kwenye kosyo pamoja na pesa yao ya "kazi".

Usiku usitembee nje ya muji. Kontra nyingi zinakataza, na ata kama haikatazi. Lori ikiharibika dereva anaweka matawi ya mti barabarani kama vile kwetu, na matawi usiku haiwaki. Ukiona matawi mchana, punguza, kuna kitu mbele. Toka Lusaka saa kumi na mbili asubuhi, Mazabuka, Monze, Choma, Kalomo, unaingia Livingstone na jua bado iko juu.

Ukigonga ao kugongwa, ata kidogo, ata kama yule mwingine anakuomba mumalize kati yenu kindugu: piga simu polisi, piga simu ofisi, piga foto. Bila karatasi ya polisi asiransi hailipi, na undugu unaishia pale pale.

Maporomoko yenyewe wanaita Mosi-oa-Tunya, moshi wenye kunguruma, ata bila mtu wa kutafsiri umekwisha kusikia. Mwezi wa ine na wa tano maji ni mengi mpaka hauoni kitu, Julai inaonekana vizuri, ila mwezi wa kumi na wa kumi na moja upande wa Zambia unakuta paka jiwe karibu tupu. Kwenye parkingi funga vioo vyote. Nyani wa pale wanajua sauti ya karatasi ya mkate. Mmoja aliingia kwetu kwa dirisha ya nyuma, akachukua mkate na mfuko ya karanga, akaketi juu ya dari ya motoka akila akituangalia, na mimi kitu nilikuwa nafikiria ni kosyo tu, kama dari iko kwenye asiransi ao haiko.

Watu wanapenda kuvuka upande wa Zimbabwe kwa ile daraja ya 1905. Motoka ya kukodi haivuki bila barua ya ofisi, na barua inaombwa siku mbele, inalipwa. Mimi naona acha motoka upande wa Zambia na uvuke kwa miguu, daraja lenyewe njo raha. Botswana ni hivyo hivyo, daraja ya Kazungula ya 2021 ni nzuri, mita 923, lakini karte ya njano ya Comesa, ile asiransi ya kuvuka nayo mipaka, haifanyi kazi kule, iko inafanya Zimbabwe na kwetu, Botswana haimo. Na usijiambie utaileta motoka mpaka L'shi ukawaonyeshe wajomba. Ofisi nyingi zikisikia Kongo zinakataa, na ukiileta bila kusema uko bila asiransi.

Kurudisha: rudisha mchana, ofisi ikiwa wazi, usiitupie funguo kwenye kale kasanduku. Siku yao ni masaa 24, ulichukua saa tatu, rudisha mbele ya saa tatu, ukichelewa wengine wanahesabu siku nzima. Jaza esansi pompi ya karibu na uweke risiti. Oshesha motoka kidogo, si kwa heshima, ni ju mavumbi inafanya waseme "tutaangalia tukisha kuosha" na wewe hautakuwako. Zungukeni pamoja, tena na video, na usitoke bila karatasi yenye imeandikwa hakuna kitu, na sahihi.

Ile siku yetu yule kijana hakuwako kweli, kama nilivyosema. Alikuja mwingine, akazunguka, akainama moja kwa moja chini ya parishoki upande wa kushoto, kama mtu anajua fasi aliacha kitu yake, akaniambia mzee, hapa kuna mukwaruzo. Nikatoa telefone, nikamuonyesha video ya siku ine nyuma, ule mukwaruzo, sauti yangu ikisema tarehe, na kiatu ya mwenzake pembeni. Akaangalia mpaka mwisho. Akasema okay. Kosyo ilirudi siku ya kumi na mbili, ikipungukiwa kidogo ju ya kubadilisha kwacha na dola, na video sikuifuta mbele ya siku ile.